Fundi wa Picha Asiye na Bwana

Watu wafanyao kazi ya mshahara huijua siku yao ya malipo. Karani, askari na mwalimu, kila mmoja ana mkubwa wake na mwisho wa mwezi wake. Lakini wako wengine ambao kazi yao haina mkubwa wala mwisho wa mwezi. Mvuvi ni mmoja wao, na seremala wa mtaani ni mwingine. Katika miji ya siku hizi ameongezeka mtu wa namna hiyo hiyo, naye ni mpiga picha wa kujitegemea. Huyu hupiga picha za kawaida na picha za video, hunasa sauti za watu, kisha huzipanga na kuziunganisha mpaka ziwe kitu kimoja cha kutazamwa. Hakuajiriwa na gazeti wala na kituo cha televisheni. Leo humfanyia kazi huyu, kesho yule.

Wamwonao harusini, amevaa vizuri na kamera mkononi, hudhani kwamba kazi yake ni ya siku moja tu, na kwamba siku sita nyingine hulala. Kwa hiyo yafaa kulifuata juma lake zima. Na achukuliwe, kwa mfano, kijana mmoja wa kazi hii akaaye Temeke, katika jiji la Dar es Salaam.

Siku ya Jumatatu kijana huyu hagusi kamera. Hukaa mezani na daftari lake, akaandika kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha huandika ankara kwa wale aliokwisha kuwafanyia kazi, na kuwakumbusha kwa adabu wale wanaochelewa kulipa. Na mtu mpya ajapo kumtaka, kabla ya jambo lo lote humwuliza mambo manne: ni kazi gani, ni siku gani, inatakiwa iishe lini, na ni nani atakayelipa. Majibu huandikwa, pande zote mbili hutia sahihi, na mwenye kazi hutoa arbuni. Arbuni si tamaa. Siku aliyoahidiwa mtu mmoja haiwezi kuuzwa tena kwa mwingine. Mwenye kazi akighairi saa ya mwisho, siku ile imekufa.

Wengi hushangaa waambiwapo bei. Tuseme ujira wa harusi moja ni shilingi 600,000. Humo msaidizi hupewa 80,000. Nauli na umeme ni 60,000. Kukodi taa na lenzi ni 100,000. Zimebaki 360,000. Lakini kazi ile si ya siku moja. Ni siku moja ya kupiga na siku tatu za kuhariri. Gawanya kwa nne, utapata 90,000 kwa siku. Na katika hizo yampasa kula, kulipa kodi ya nyumba na kodi ya serikali, na kuweka akiba ya kununua kamera nyingine ile ya sasa itakapochakaa. Basi asemaye, "Laki sita kwa siku moja!" hajafanya hesabu.

Jumanne na Alhamisi ni siku za kuhariri. Picha ya video haiendi kwa kweli. Ni picha nyingi zisizoenda, zipitazo mbele ya macho upesi sana hata jicho likadanganyika. Mara nyingi hupita picha 25 katika nukta moja ya saa. Kwa hiyo katika dakika moja zimo picha 1,500, na katika saa nzima picha 90,000. Kijana yule huketi mbele ya kompyuta, akatazama saa sita za harusi ili apate saa moja ya kumpa bwana arusi. Huondoa mahali kamera ilipotikisika, na mahali mtu alipopita mbele yake. Hubakiza chozi la mama na kicheko cha babu. Zaidi ya yote huisikiliza sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti isiyosikika haivumilii hata kidogo. Jioni mgongo humwuma na macho humwasha kama mtu aliyekaa kwenye moshi.

Jumatano huenda kutengeneza filamu fupi kwa ajili ya kikundi cha akina mama wauzao samaki. Hufika soko la Kivukoni, liitwalo Feri, kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu nuru ya alfajiri ni laini, na tena ndiyo saa ya mashua kuleta samaki. Lakini haanzi kupiga picha hivi hivi. Humwendea mama mmoja mzee, mkaanga samaki, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo picha yangu utaipeleka wapi?"

"Ni ya kikundi chenu, mama. Itaonyeshwa kwa watu wanaotaka kuwakopesha mtaji. Usipopenda, sikupigi."

"Basi ngoja nifunge kanga yangu vizuri."

Kuuliza huko si heshima tu. Uso wa mtu ni wake. Tanzania ilitunga mwaka 2022 sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi, na kabla yake, mwaka 1999, ilitunga sheria ya hakimiliki ilindayo kazi za watunzi, picha na filamu zikiwa miongoni mwazo. Fundi hana budi kuzijua zote mbili: ya kwanza yamkumbusha haki ya mtu anayepigwa picha, ya pili yailinda kazi ya mikono yake isiibiwe.

Siku ya Ijumaa hutayarisha vyombo. Betri zote hutiwa umeme, lenzi hufutwa kwa kitambaa laini, kadi za kamera hukaguliwa moja moja. Huenda hata kanisani na ukumbini kutazama madirisha yako upande gani na nuru itatoka wapi. Maana Jumamosi ndiyo siku kuu ya harusi, na pete huvikwa mara moja tu. Seremala akikosea ubao hukata mwingine; mpiga picha akiikosa pete, hawezi kumwambia padre arudie ndoa. Siku hiyo huanza asubuhi nyumbani kwa bibi arusi, akaenda kanisani, akaenda ufukweni kwa picha za maharusi, akaishia ukumbini usiku wa manane. Hula amesimama, akipata nafasi ya kula.

Jumapili, kabla hajaenda kusali, hufanya jambo moja ambalo halikosi kamwe. Huzinakili picha zote za jana mara tatu: nakala moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya pembeni, na ya tatu katika diski nyingine aiwekayo nyumbani kwa dada yake Mbagala, ili moto au mwizi asizichukue zote pamoja.

Sababu yake ni hii. Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi alikuwa na diski moja tu. Alipiga harusi ya jirani, akazitia picha zote humo, akazifuta katika kadi ili azitumie kwa kazi nyingine. Siku ya nne diski ikafa. Mafundi wawili walijaribu kuifungua, wasipate kitu. Alikwenda kwa wenyewe, akawaeleza, akawarudishia fedha yao yote. Walimsamehe. Lakini baada ya miezi mitano baba yake bibi arusi alifariki dunia, na binti akaja mlangoni kuuliza kama haikusalia picha moja tu ya baba akimshika mkono kanisani. Haikusalia. Fedha ilikuwa imerudishwa, ila picha ile hakuna fedha iwezayo kuirudisha. Tangu siku ile hakulala Jumapili bila nakala tatu.

Hilo ndilo juma lake. Lakini mtu asiye na mshahara hana budi kutazama mbali kuliko juma moja. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawafanyi harusi katika mwezi wa Ramadhani. Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Mwaka 2025 mifungo yote miwili ilianza katika siku tano za kwanza za Machi. Mpiga picha asiyetazama kalenda hushtuka kuona simu yake imenyamaza, na kodi ya nyumba haikunyamaza. Kijana yule huligawa kila pato: fungu la kula, fungu la vyombo, na fungu la miezi mikavu, kama mkulima awekaye mahindi ghalani. Haba na haba hujaza kibaba.

Na miezi hiyo mikavu hailali bure. Ndipo anapokwenda Bagamoyo na kamera yake kuwapiga picha wazee wachongao mashua. Hakuna aliyemtuma wala atakayemlipa. Ataka kutengeneza filamu yake mwenyewe, kuonyesha jinsi ubao unavyopindwa na jinsi pamba inavyokazwa katikati ya mbao ili maji yasiingie, kabla wazee hawajaondoka na ujuzi wao. Tena anakusudia kumfundisha msaidizi wake kuhariri, ili mwaka ujao waweze kuchukua kazi mbili kwa siku moja.

Historia ya Afrika ya Mashariki inaye mtu aliyeanza kwa kujitegemea hivyo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanza kupiga picha akali mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya picha iitwayo Camerapix. Mwezi wa Oktoba 1984 yeye na Michael Buerk wa BBC walikwenda Korem, Ethiopia, akapiga picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha zile zilionyeshwa katika nchi nyingi, na watu wakachanga fedha nyingi kuwasaidia wenye njaa. Mwaka 1991 alipotelewa na mkono wa kushoto katika mlipuko mjini Addis Ababa. Akavikwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege aliyopanda ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro.

Si kila fundi wa picha atafika huko, wala haimpasi. Lakini mkubwa na mdogo wote wana sharti moja. Mwenye mshahara akichelewa, mkubwa wake humwonya. Mtu asiye na bwana hana wa kumwonya ila nafsi yake. Yampasa kuwa bwana wa saa zake, karani wa daftari lake na mlinzi wa kazi za watu alizokabidhiwa. Ahadi ni deni. Naye anayelilipa deni hilo juma kwa juma, hata mlangoni pake kusipokuwa na kibao, watu watauliza njia ya kwake.