Taa za Motokaa Zilizozeeka

Motokaa ikizeeka, taa zake za mbele huzeeka pamoja nayo, na dalili zake huonekana hata mchana. Kifuniko cha taa, ambacho kilipokuwa kipya kilikuwa cheupe kama maji ya chemchemi, hugeuka rangi kikawa cha manjano, kisha hupata utando kama jicho lenye mtoto wa jicho. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, motokaa za namna hii ni nyingi, maana nyingi katika hizo zilitumika kwanza Japani kwa miaka mingi kabla ya kuletwa Tanzania kwa meli. Mwenye motokaa huyaona manjano yale akadhani ni uchafu. Huchukua sabuni na kitambaa akasugua mpaka mkono ukachoka, wala manjano hayaondoki. Hayaondoki kwa sababu si uchafu. Ni ngozi ya kifuniko chenyewe iliyounguzwa na jua.

Zamani vifuniko vya taa vilifanywa kwa kioo, kama vile vya Land Rover za kale zenye taa za mviringo. Kioo hakigeuki manjano hata kikikaa juani miaka hamsini, lakini ni kizito, na jiwe moja lililorushwa na gurudumu la motokaa iliyotangulia latosha kukivunja. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, na Daniel Fox wa kampuni ya General Electric ya Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walivumbua plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliruhusu plastiki itumiwe badala ya kioo katika taa za motokaa, na baadaye nchi nyingine zikafuata. Plastiki hii ni nyepesi, haivunjiki upesi, tena yaweza kufanyizwa umbo lo lote litakiwalo. Mtu asiyejua taa yake ni ya namna gani na aigonge kwa ukucha: kioo hulia, plastiki hutoa sauti butu.

Lakini polikaboneti ina adui, naye ni jua. Katika mwanga wa jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Ndiyo ichujuayo rangi ya nguo iliyoanikwa nje siku nyingi. Mionzi hiyo ikiipiga plastiki hukata vifungo vilivyoshikamanisha chembe zake, na uso wa plastiki hugeuka manjano, ukapasuka nyufa ndogo sana. Wenye viwanda walilijua jambo hili, kwa hiyo kila kifuniko kipya hupakwa vanishi nyembamba, ngumu, isiyo na rangi, ili iizuie mionzi. Vanishi hiyo ndiyo ngao ya taa. Ngao nayo huchakaa. Huchubuliwa na vumbi na changarawe, na jua lenyewe huila kidogo kidogo. Tarime iko karibu na Ikweta, haipati hata digrii mbili kusini yake, tena ni nchi ya milima; hivyo jua la adhuhuri hukaribia utosi karibu mwaka mzima. Motokaa ingojayo abiria tangu asubuhi hata jioni pasipo kivuli huunguzwa taa kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani.

Hasara yake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Utando ule hauuzuii mwanga tu, bali huutawanya. Mtu aliyewahi kusafiri asubuhi katika ukungu wa milima ya Tarime anajua jinsi mwanga unavyomrudia dereva machoni, na barabara isionekane. Kifuniko kibovu ni kama ukungu ambao motokaa huuchukua po pote iendapo. Dereva haoni mbali, na yule ajaye mbele yake hutiwa kiwi. Mwaka 2018 chama cha wenye motokaa cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizozeeka, kikaona kwamba zilitoa karibu sehemu moja tu katika tano za mwanga wa taa mpya.

Katika barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo, ng'ombe huweza kukutwa njiani hata baada ya jua kutua. Wilaya ya Serengeti, tena, imepakana na hifadhi ya taifa na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na tembo hutoka humo usiku kwenda kula mashambani. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita meta 22 katika kila sekunde, na sekunde moja au zaidi hupita kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Mnyama wa rangi ya kijivu, katika usiku usio na mwezi, haonekani mpaka mwanga umfikie. Dereva anayempeleka mzazi hospitali saa nane za usiku hawezi kungoja kupambazuke. Lililo mbele ya taa zake ndilo awezalo kulikwepa, na lililo nje ya mwanga huo hana habari nalo.

Basi, taa hizo zatengenezwaje? Kwanza huoshwa kwa maji na sabuni, kisha rangi ya motokaa iliyozizunguka hufunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi isije ikachubuka. Fundi huchukua msasa wa maji, namba 800 au 1000, akaulowesha, akasugua kwa kwenda upande mmoja, huku akimwagia maji mara kwa mara. Maji yatiririkayo huwa ya manjano kama maziwa yaliyoharibika. Hiyo ndiyo ngozi iliyokufa. Husugua mpaka maji yatoke meupe. Kisha hutumia namba 2000, na mwisho 3000, kila mara akifuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Asiyekuwa na subira akaruka namba moja ataiona mikwaruzo hiyo usiku, taa ziwakapo. Baada ya msasa kifuniko huonekana cheupe kama kilichopakwa unga, na mwenye motokaa huogopa kwamba kimeharibiwa. Lakini kikipakwa dawa laini ya kung'arishia na kusuguliwa kwa kitambaa, hurudi kuwa angavu.

Hapa ndipo wengi wanapoishia, na hapa ndipo kosa lilipo. Msasa umeondoa manjano, lakini umeondoa na mabaki ya ngao pia. Kifuniko kilichoachwa hivi kiko uchi mbele ya jua, nacho hufifia tena baada ya miezi michache. Wako vijana wasuguao taa kando ya barabara kwa dawa ya meno, na taa hung'aa kweli, maana dawa ya meno ina unga mgumu kidogo ufanyao kazi ya msasa laini. Mwenye motokaa hulipa, akaenda zake amefurahi, na fedha yake imenunua mng'ao wa majuma machache. Wengine hupaka petroli, au dawa ya kufukuzia mbu. Hizo ni mbaya zaidi, kwani huilainisha plastiki na kuipasua ndani.

Kazi kamili ni kuirudisha ngao. Kifuniko kikiisha kukauka na kufutwa vumbi lote, hupulizwa vanishi isiyo na rangi yenye dawa ya kuzuia urujuanimno, mfano wa ile ipulizwayo juu ya rangi ya motokaa. Hupulizwa mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba, mahali pasipo upepo wala vumbi, na apulizaye hana budi kujikinga pua na mdomo, kwa sababu mvuke wake hudhuru mapafu. Hata hivyo taa haitakuwa sawa na mpya: AAA walipopima taa zilizosafishwa walipata karibu sehemu saba katika kumi za mwanga wa kwanza. Si haba kwa taa iliyokuwa imebakiwa na mbili.

Yako magonjwa ambayo msasa hauyaponyi. Ikiwa maji yameingia ndani, au kile kioo cha nyuma kirudishacho mwanga kimebabuka, dawa ni taa nyingine. Mara nyingine kifuniko ni kizima na mwanga ni hafifu kwa sababu ya kutu katika nyaya; umeme ukipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu. Kuweka globu yenye nguvu kupita ile iliyoagizwa hakusaidii, maana joto lake huyeyusha soketi na plastiki. Na globu ya halojeni haishikwi kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono huifanya ipasuke mapema.

Mwisho, taa hupimwa. Motokaa husimamishwa mahali tambarare, meta 10 kutoka ukutani, na alama huwekwa ukutani kwa kimo cha taa. Mwanga wa chini unapowashwa, ukingo wake wa juu wapasa kupiga kama sentimeta 10 chini ya alama, na kupanda kidogo upande wa kushoto, ambako wenda kwa miguu hupita. Taa za Japani zimefanywa hivyo, maana huko nako motokaa hupita kushoto. Taa zilizofanywa kwa nchi ambazo motokaa hupita kulia, kama Ujerumani, hupandisha mwanga kulia, moja kwa moja machoni pa dereva ajaye. Hizo hubadilishwa, hata zikiwa mpya kabisa.