Shule Yenye Jina: Je, Jina Litamlea Mtoto Wako?

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari, Kariakoo hugeuka kuwa duka moja kubwa la sare za shule. Mtaa wa Kongo haupitiki. Sketi, sweta na mashati meupe huning'inizwa hadi barabarani, na chini yake hupangwa masanduku ya chuma, ndoo, madaftari na viatu vyeusi. Wazazi hupita na orodha mkononi, huku wakihesabu fedha kimoyomoyo. Na katikati ya kupatana bei, swali ni lile lile: "Mwanao amepata shule gani?"

Mpenzi msomaji, tazama nyuso za watu wakati wa kujibu swali hilo. Anayetaja shule yenye jina huongeza sauti ili hata muuza duka asikie. Anayetaja shule ya kata hushusha sauti, akaongeza haraka, "lakini tunamtafutia nafasi nyingine." Sisi wauguzi tunaokutana na watoto hao baadaye, wakiwa na mabegi yao na maumivu yao, tumeona ni vizuri tuzungumze juu ya jambo hili: jina la shule ni nini, nani hulitengeneza, na linamfaa nani?

Ubishi wa waliosoma

Waulize watu wazima wa mjini kuhusu shule walizosoma, hutaondoka mapema. Baba aliyesoma Azania atabishana na mwenzake wa Tambaza. Mama wa Jangwani hatakubali kushindwa na wa Zanaki wala wa Kisutu. Ubishi huo unafanana na ule wa Yanga na Simba, klabu mbili zenye makao hapa hapa Kariakoo, moja tangu 1935 na nyingine tangu 1936. Hakuna anayeleta vitabu vya hesabu. Kila mmoja analeta kumbukumbu.

Sikiliza kumbukumbu hizo kwa makini, utagundua jambo. Ni wachache sana wanaotaja wastani wa alama. Wanamtaja mwalimu aliyewakemea wakakoma. Wanataja kwaya, mdahalo, bustani ya shule, siku timu yao ya netiboli ilipowafunga majirani, na rafiki waliyekula naye mhogo mmoja. Aliyesoma miaka ya 1970 anataja shule kwa watu aliokutana nao humo. Lakini mtu huyo huyo, anapomtafutia mtoto wake shule leo, anauliza swali moja tu: "Ni ya ngapi?"

Orodha iliyosimamishwa

Swali hilo la "ya ngapi" tulilizoea kutokana na matokeo ya mitihani. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilikuwa likitangaza matokeo pamoja na shule 10 za juu na 10 za mwisho. Siku hiyo shule za juu zilisherehekea, na matangazo ya kutafuta wanafunzi yakafuata. Shule za mwisho ziliaibishwa mbele ya taifa zima, walimu wao na watoto wao pamoja.

Januari 2023, Baraza lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Katibu Mtendaji wake Athumani Amasi alieleza kwamba halitatangaza tena shule bora wala wanafunzi bora. Hoja ilikuwa kwamba utaratibu huo hauna tija, kwa kuwa watoto hao hawasomi katika mazingira yanayofanana, na kwamba ulikuwa kama kuzitangazia shule biashara. Wapo waliofurahi. Wapo waliolalamika kwamba wamenyimwa njia ya kuchagua. Na wapo walioanza kuzihesabu alama wenyewe na kupeana orodha kwa simu. Orodha imeondoka mezani kwa Katibu, lakini haijaondoka vichwani mwetu.

Tuseme kweli: orodha ile haikuwa uongo mtupu. Mzazi anayo haki ya kujua kama shule inafundisha. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri, na mwaka uliofuata serikali ikaamua matokeo hayo yapangwe upya. Bila takwimu taifa lisingeshtuka. Shida ya orodha ni kwamba haikuuliza mtoto aliingia akiwa na nini. Shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Tabora hupokea waliokwisha kufanya vizuri darasa la saba. Shule binafsi nyingi huwapa watoto mtihani wa kuingia na kuchukua wanaowataka. Shule ya kata humpokea kila aliyepangiwa, hata aliyetembea saa nzima bila chai ya asubuhi. Ukizipanga zote katika mstari mmoja, unapima nani alianza mbele kuliko unavyopima nani alifundisha.

Binti aliyechujwa

Zaidi ya hayo, shule inayopigania jina hujifunza mbinu. Tulimhudumia binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye mama yake huuza vitenge Kariakoo. Alikuja na maumivu ya tumbo, halali, hali, na moyo humwenda mbio kila anaposikia neno mtihani. Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Tulipokaa naye faragha, alisema shule yake ya bweni, shule yenye jina kubwa, imemwandikia barua: wastani wake haufiki ule uliowekwa na shule, basi mzazi amtafutie mahali pengine. Mama alikuwa amekopa kwenye kikundi chake ili kulipa ada ya mwaka mzima.

Binti hakuwa amefeli mtihani wa serikali. Alikuwa amefeli kiwango cha shule, kiwango kilichowekwa ili mwaka wa mtihani ukifika wabaki wanaong'ara tu. Serikali imekwisha kulikemea jambo hili la kuwakaririsha na kuwahamisha watoto kwa sababu ya wastani wa shule, lakini bado tunakutana nalo.

Alihamia shule ya kata huko Ilala, akafanya mtihani wake, akapata daraja la tatu. Shule ile ya kwanza ilijivunia mwaka huo kwamba haikuwa na daraja la tatu hata moja. Ni kweli, haikuwa nalo. Lilikuwa Ilala.

Wala tusidhani ni tatizo la kwetu pekee. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa cha 2 katika orodha maarufu ya vyuo vya Marekani ya mwaka 2021. Mapema 2022 profesa wake mwenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, alichambua takwimu ambazo chuo kilikuwa kimepeleka, akaonyesha kwamba hazina ukweli. Septemba mwaka huo huo chuo kikaanguka hadi nafasi ya 18. Walimu walikuwa wale wale, na maktaba ile ile. Kilichobadilika ni nambari. Kama chuo tajiri hivyo kinaweza kushawishika kupamba hesabu zake, shule inayotegemea ada ya mama muuza vitenge itaachaje kushawishika?

Jina lililoanzia Mtaa wa Lumumba

Hapa mjini tunayo historia ya kutufundisha namna jina jema linavyopatikana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzia mlimani. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, chenye somo la sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 15. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji na Waziri wa Sheria. Chuo kilihamia mlimani mwaka 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili.

Miaka hiyo jina la mlimani lilivuka mipaka. Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo, na Yoweri Museveni wa Uganda alisoma hapo. Vijana walibishana hadi usiku juu ya ukombozi wa Afrika. Orodha za kupanga vyuo vikuu vya dunia hazikuwapo. Ile ya Shanghai ilianza mwaka 2003, na nyingine zikafuata, mojawapo ikitazama zaidi jinsi chuo kinavyoonekana katika intaneti. Jina la Dar es Salaam lilitokana na walimu waliofundisha, mawazo yaliyojadiliwa na wahitimu waliokwenda kufanya kazi.

Shule zetu za mjini nazo zilibadilishwa hata majina yenyewe. Tambaza ilikuwa shule ya wavulana ya Aga Khan, na Zanaki ya wasichana. Forodhani ilikuwa St. Joseph's Convent. Vibao vilibadilika, shule zikaendelea kusomesha, na wanafunzi wapya wakajivunia majina mapya kama wale wa zamani walivyojivunia ya kwao. Jina, basi, ni kibao. Kinachokipa uzito ni watu walio nyuma yake.

Uwanja umegeuzwa maegesho

Jambo la tatu ambalo waliosoma zamani hulitaja kwa uchungu ni michezo. Huko Marekani timu ya chuo ni jina la chuo. Wahitimu wenye mvi husafiri mbali kuitazama na hutoa fedha kwa ajili yake. Kwetu, mashindano ya UMISSETA kwa sekondari na UMITASHUMTA kwa shule za msingi yalikuwa sikukuu. Shule kama Makongo ilijulikana nchi nzima kwa mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliyasimamisha mashindano hayo kwa hoja ya kulinda masomo. Baadaye yalirudishwa, lakini shule nyingi zilikwisha kuzoea kuishi bila michezo. Hapa mjini, ambako ardhi ni ghali, uwanja wa shule hutazamwa kwa jicho la maegesho na fremu za maduka.

Hili sisi wauguzi hatuwezi kulinyamazia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Si anasa. Mtoto anayekimbia hulala vizuri, na anayelala vizuri hukumbuka alichosoma. Wasichana wengi wakifanya mazoezi hupata nafuu ya maumivu ya hedhi. Tena mchezo humfundisha mtoto kushindwa leo na kurudi kesho, somo ambalo yule binti aliyechujwa hakuwa amepewa. Shule inayowaamsha watoto saa kumi alfajiri na kuwalaza saa tano usiku, bila mchezo wala kupumzika, inaweza kupata alama. Lakini mwili wa kijana unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na deni lake hulipwa hospitalini.

Waliosoma wana deni gani?

Sisi tuliosoma tunapenda kusema "shule yetu." Je, ni yetu siku ya kubishana tu? Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za serikali mwaka 2016, na wengi tukadhani mchango wetu nao umefutwa. Nenda ukatazame choo cha wasichana katika shule uliyosoma. Uliza kama kuna maji, na kama binti aliyepatwa na hedhi darasani ana mahali pa kujistiri. Vikundi vyetu vya akina mama kanisani vinaweza kushona taulo za kike, kununua mpira wa netiboli na kamba za kuruka, au kumpeleka daktari mwanamke azungumze na wasichana mara moja kwa muhula. Aliyepewa talanta moja hakuulizwa kwa nini hakupata tano. Aliulizwa aliifanyia nini ile moja.

Kabla hujalipa ada

Mama mwenzetu, usichague shule kwa kusikia jina peke yake. Fika mwenyewe, siku ya kazi, na uulize haya:

1. Walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walifanya mtihani wa kidato cha nne hapa hapa? Kama walianza 120 wakamaliza 70, uliza wale 50 wako wapi.

2. Mtoto akishuka, shule inafanya nini? Inamsaidia, au inamwandikia barua?

3. Watoto hulala saa ngapi na kuamka saa ngapi?

4. Uwanja uko wapi, na wasichana huutumia siku zipi?

5. Mtoto akiugua usiku, nani humhudumia, na mzazi huarifiwa lini?

6. Watoto wanaopita mbele yako wanakusalimu wakiwa na furaha, au wanapita wakitazama chini?

Ukipata majibu mazuri katika shule yenye jina, mshukuru Mungu, umpeleke. Ukiyapata katika shule ya kata iliyo nyuma ya nyumba yako, mpeleke vilevile, na Januari ijayo ukiulizwa pale Mtaa wa Kongo, itaje shule hiyo kwa sauti ile ile. Mtoto wako atakuwa amesimama kando yako, na atasikia kama unamwonea fahari au haya.