Katuni za Kijapani: Zawafundisha Nini Watoto Wetu?

Wazazi wengi wa vigango vyetu, toka Sirari hata Mugumu, wanauliza swali moja: hizi katuni za Kijapani, ambazo vijana huzitazama katika simu na katika vibanda umiza, ni kitu gani? Wengine wamekwisha toa hukumu: ni mambo ya shetani, zikatazwe. Wengine wasema ni mchezo tu wa watoto, hakuna neno. Makundi haya mawili hayapatani, lakini kosa lao ni moja: hawajazitazama.

Basi na tuzitazame pamoja.

Asili yake

Wajapani huziita anime. Nyingi zatoka katika vitabu vya michoro viitwavyo manga. Mwaka 1963 bwana Osamu Tezuka alianza kuonyesha katika televisheni ya kwao hadithi ya mtoto wa chuma mwenye moyo wa binadamu, na tangu hapo kazi hii imekua hata kuzunguka dunia nzima.

Yafaa mzazi ajue jambo hili kwanza: huko kwao vitabu hivyo hugawanywa kwa umri. Viko vya watoto wadogo, vya wavulana, vya wasichana, na vya watu wazima. Hapa kwetu mgawo huo umepotea njiani. Dukani zote hutiwa katika flashi moja na kupewa jina moja, katuni. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 8 aweza kukutwa akitazama damu na maovu yaliyochorwa kwa ajili ya mtu mzima. Mzazi aonapo michoro hudhani ni ya watoto. Sivyo.

Yatima

Ukizitazama nyingi utaona mambo fulani yanarudi tena na tena. La kwanza ni yatima. Shujaa hana baba wala mama, au huwapoteza mwanzoni mwa hadithi. Nchi ya Japani yawajua yatima. Mwaka 1945 miji yake iliteketea kwa mabomu, na Nagasaki, mji wa Wakatoliki wa zamani ambako Mtakatifu Paulo Miki na wenzake waliuawa mwaka 1597, ulipigwa kwa bomu la atomiki. Mwaka 1988 Isao Takahata alitoa filamu ya kaka na dada mdogo walioachwa peke yao katika vita ile, Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli. Atakayeitazama hatasema tena kwamba katuni ni mchezo.

Siku hizi vijana wetu wanaipenda zaidi hadithi iitwayo Demon Slayer, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019. Kijana Tanjiro, muuza makaa, arudi nyumbani toka mjini na kukuta mama na wadogo zake wameuawa na zimwi. Dada yake Nezuko peke yake yu hai, naye ameanza kugeuka zimwi. Mtu mwenye upanga aja kumwua. Tanjiro amlilia dada yake, asikubali kumtoa. Baadaye ambeba mgongoni ndani ya sanduku, maana jua lingemwunguza, naye azunguka nchi akitafuta dawa ya kumponya.

Hapa nawaomba kaka wa Tarime na Serengeti wasimame kidogo. Kila mara msimu wa ukeketaji ufikapo, wako mabinti wanaokimbia usiku. Wengi wamepokelewa Masanga, na wengine katika Nyumba Salama ya Mugumu. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, lakini kisu hakijawekwa chini. Je, wakati binti huyo anakimbia, kaka yake yuko wapi? Sisi sote twajua. Mara nyingi kaka angojea ng'ombe wa mahari ya dada yake ili naye apate kuoa. Na wazee wakisema binti asiyekeketwa hataposwa, kaka hunyamaza. Kijana huyo huyo jioni huketi kibandani na kumshangilia Tanjiro. Hajaona bado kwamba hadithi ile yamhusu yeye.

Kisasi

Jambo la pili ni kisasi. Hadithi inayoongoza hapa ni Naruto ya bwana Masashi Kishimoto, iliyoonyeshwa tangu mwaka 2002 hata 2017. Naruto ni mtoto ambaye ndani yake limefungiwa joka la mbweha mwenye mikia tisa, lililowahi kuharibu kijiji. Wanakijiji wamchukia, ingawa hana hatia. Wa kwanza kumpenda ni mwalimu wake Iruka, naye Iruka wazazi wake waliuawa na mbweha yule yule. Mwalimu huyu amtazama mtoto, wala hamwoni tena mbweha. Hilo ni fundisho zuri kwa kila mwalimu, na kwa kila jirani anayemtenga mtoto kwa sababu ya makosa ya ukoo wake.

Rafiki yake Naruto ni Sasuke, ambaye ukoo wake wote uliuawa usiku mmoja kwa mkono wa kaka yake mwenyewe. Sasuke akua na neno moja moyoni: kulipiza. Ampata kaka yake, wapigana, na kaka afa. Ndipo aambiwa kwamba walioamuru mauaji yale ni wakuu wa kijiji. Je, moyo wake watulia? La. Ageuza kisasi chake juu ya kijiji chote. Kisasi hakishibi.

Twahitaji kwenda Japani kuyajua hayo? Ng'ombe wakiibwa usiku, vijana hufuata nyayo. Mtu mmoja hufa mtoni. Kesho yake nyumba za ukoo mwingine huwaka moto. Mambo ya wizi wa mifugo na ya koo kupigana ndiyo yaliyofanya Tarime na Rorya ziwe na kanda maalum ya polisi. Katika hadithi ile Naruto naye akutana na Nagato, aliyemwua mwalimu wake mpenzi na kubomoa kijiji chake. Ana nguvu za kumwua, wala hamwui. Aketi na kumsikiliza, akasikia kwamba wazazi wa Nagato nao waliuawa vitani na watu wa kijiji cha Naruto. Mlolongo ule hukatika kwa mmoja kukubali kutolipiza. Bwana wetu alimfundisha Petro jambo hilo zamani sana, nasi twalisikia kila mwaka kanisani.

Kujifanya Mungu

Jambo la tatu ni mtu kujifanya Mungu. Katika Death Note, hadithi ya sehemu 37 iliyoonyeshwa mwaka 2006 na 2007, mwanafunzi mwenye akili sana aokota daftari: kila ambaye jina lake laandikwa humo hufa. Aanza kwa kuwaua wahalifu, akisema anaisafisha dunia. Baadaye aua hata wasio na hatia wanaomzuia. Hii si ya watoto. Lakini kwa kijana wa kidato cha nne, ni njia nzuri ya kuzungumza naye juu ya wananchi kumchoma moto mwizi bila hakimu.

Mabaya yake

Tusifiche mabaya. Katika nyingi ya hizo wanawake huchorwa bila heshima, mavazi yao machache, na jambo hilo hufanywa mzaha. Pepo na mizimu wamejaa humo, maana Wakristo wa Japani ni wachache mno, na watunzi huchota katika mila zao. Mtoto aelezwe hivyo, asije akadhani ni imani. Tena shujaa huokoka kwa jasho lake tu. Hatusikii sana juu ya neema.

Na kuna wizi wa wakati. Naruto yote ni sehemu 720. Kila moja huchukua kama dakika 23. Pigeni hesabu: ni saa 276. Mtoto atazamaye saa 2 kila siku atamaliza baada ya siku 138. Mbuzi nani atawachunga, na masomo atayasoma lini?

La kufanya

Kumnyang'anya kijana simu hakutoshi. Ataenda kwa jirani. Mwulize jina la katuni aitazamayo, na ni ya umri gani. Keti naye utazame sehemu moja mpaka mwisho, hata kama hupendi. Kisha mwulize: Nani aliyeumizwa? Nani alisamehe? Wewe ungefanya nini? Wekeni saa za kutazama, baada ya kazi na sala ya jioni. Zilizo mbaya zifuteni, na mwambie kwa nini.

Bibi zetu walituambia hadithi za mazimwi karibu na moto, na hawakutuacha peke yetu na zimwi. Walikuwapo, wakatueleza maana yake. Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wetu leo wanaketi na hadithi za mbali bila bibi wala baba. Enyi wazazi, jioni ya leo nendeni mkaketi karibu nao.