Muhula si Kufuta Deni

Novemba 5, 2022 marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao cha KALPA, waligoma hadi mahakama ilipowaamuru warejee kazini. Walidai, miongoni mwa mengine, michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba, iliyositishwa wakati wa Korona. Shirika, lililoelemewa na hasara, lilionya kuwa mgomo ungelididimiza zaidi.

Ndugu Waislamu, Mtume (s.a.w.) ametuusia ujira ulipwe kabla jasho halijakauka. Suratul Baqara nayo yatuamuru tumpe muhula mdaiwa mwenye dhiki. Lakini muhula si kufuta deni. Hata hapa kwetu Masuguru, mwenye shamba aliyekosa mavuno yampasa amweleze kibarua wake ukweli, waandikiane siku ya malipo. Basi mwajiri asifiche hesabu, na chama kisidai leo kitakachoua ajira za kesho.

Wallahu aalam.