Kwa nini kompyuta hutofautiana kuhusu tarehe na tarakimu

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam anayepokea ankara kutoka Marekani inayotakiwa kulipwa ifikapo 03/04/2025, huisoma kuwa ni Aprili 3. Aliyeituma alikusudia Machi 4, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku. Malipo yatachelewa kwa siku 30, na hakuna aliyekosea kwa desturi ya kwao.

Utata kama huo upo pia katika fedha. Hapa nchini 1,500 ni elfu moja na mia tano, lakini Mjerumani huiandika 1.500, ambayo kwetu ni moja na nusu.

Ndani ya kompyuta utata huo haupo. Mifumo mingi huhifadhi wakati kama hesabu ya sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970. Tarehe tunayoiona kwenye skrini ni vazi tu ambalo hesabu hiyo huvishwa.

Kazi ya kuivisha hufanywa na maktaba za programu, yaani mkusanyo wa maelekezo yaliyokwisha kuandikwa ambayo mtengenezaji wa programu huyatumia bila kuanza upya. Mojawapo ni ICU, ambayo kampuni ya IBM iliifungua kwa matumizi ya wote mwaka 1999, na tangu mwaka 2016 imo chini ya taasisi ya Unicode. Simu za Android na za Apple huitumia.

Maktaba hiyo huuliza mambo mawili: lugha na nchi. Lugha peke yake haitoshi. Kiswahili cha Tanzania na Kenya hutenga desimali kwa nukta, ilhali cha Kongo, kwa kufuata desturi iliyotoka Ubelgiji, hutumia mkato.

Aidha, maktaba husaidia kupanga sentensi. Mtengenezaji asiyejali huunganisha neno na tarakimu, na matokeo yake ni “Watu 1 wamejiandikisha”. Anayetumia maktaba huandika sentensi ya umoja na ya wingi, nayo huchagua inayofaa. Kiarabu huhitaji maumbo sita.

Hata hivyo, maktaba haimalizi kila kitu. Huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huanza kuhesabu mapambazuko. Mtengenezaji akitanguliza neno “saa” mbele ya 7:00 katika ujumbe wa kliniki, mgonjwa anayetakiwa asubuhi anaweza kufika saa saba mchana na kukuta daktari amekwisha kuondoka. Kosa hilo haligunduliwi na mashine; humtaka mtu anayeijua lugha ausome ujumbe kabla haujatumwa.

Kwa tarehe, njia ya kuepuka utata ipo. Kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi na siku: 2025-04-03. Katika barua na mikataba, jambo rahisi zaidi ni kuutaja mwezi kwa jina lake. Anayepokea hati ya kigeni yenye siku isiyozidi 12 hana budi kuuliza mapema imeandikwa kwa desturi ya nchi gani, kabla hajatia saini.