KULICHUNGUZA GARI KUUKUU KABLA YA KULINUNUA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa gari lililokwishatumika hununuliwa pamoja na historia yake yote, ijapokuwa muuzaji hupenda kuitaja ile sehemu iliyo njema tu. Fedha zinazolipwa aghalabu ni mkopo wa miaka kadhaa au kiinua mgongo cha utumishi wa maisha. Aidha, atakayelipanda gari hilo si mnunuzi peke yake, bali pia ahali zake na jirani anayepewa lifti. Hivyo basi, hapana budi gari lipelelezwe kabla fedha hazijatoka mkononi.

Mfano wa Qurus

Mfano mwema unapatikana Tanzania Bara, katika kata ya Qurus, wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Wilaya hiyo inapakana na Ngorongoro, na barabara yake kuu ndiyo inayowapeleka watalii kwenye kreta. Magari yanayojulikana zaidi huko ni Land Rover na Toyota Land Cruiser, ambayo mengi yamekatwa na kurefushwa fremu katika karakana ili yaongezewe viti, na kufunguliwa paa ili wageni watazame wanyama. Yakisha kuchoka kwa kazi hiyo, huuzwa kwa wakulima, wafanyabiashara na wanunuzi wa mbali, wakiwamo wa visiwani.

Gari la namna hiyo huonekana imara, lakini limefanya kazi ngumu. Limepanda na kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, limeingia na kutoka katika kreta yenye miteremko mikali, na limevuta vumbi jekundu la Karatu pamoja na vumbi la chumvichumvi la Ziwa Magadi lililomo ndani ya kreta. Breki, klachi, springi na bodi za gari kama hilo zimekula umri wake mapema.

Hesabu ya kilomita

Muuzaji akisema gari limetembea kilomita chache, na afanyiwe hesabu. Kutoka Arusha hadi lango la Ngorongoro ni zaidi ya kilomita 150, yaani zaidi ya 300 kwenda na kurudi. Gari lililofanya safari 100 kwa mwaka limekwisha kilomita 30,000, na kwa miaka 10 ni kilomita 300,000, mbali na mizunguko ya ndani ya hifadhi. Ikiwa mita inaonesha 140,000, basi ama gari lilikaa bure miaka mingi, ama mita imebadilishwa au kurudishwa nyuma. Kanyagio za miguu zilizolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea hushuhudia ukweli ambao mita imeuficha.

Karatasi za ukaguzi

Nchini Japani gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na cheti cha kulisafirisha nje huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Uingereza nayo hukagua magari kila mwaka yakishafikia umri wa miaka 3, na matokeo yake huweza kutazamwa kwa namba ya usajili wa huko. Kwa hiyo, mnunuzi aombe hati za asili za uingizaji, kisha alinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za leo. Namba ikipungua badala ya kuongezeka, udanganyifu umedhihirika.

Kwa upande wa Tanzania Bara, gari lililobeba abiria kwa malipo hupaswa kuwa na leseni ya usafirishaji na ripoti za ukaguzi wa Polisi. Leseni hizo zilitolewa na SUMATRA, na tangu mwaka 2019 zinatolewa na LATRA. Muuzaji anayedai gari lake lilifanya utalii kwa heshima na atoe mfululizo wa karatasi hizo. Stika za ada ya mwaka ya barabara, iliyofutwa mwaka 2017, nazo huweza kuonesha miaka ambayo gari lilikuwa likitembea kabla ya hapo.

Yafuatayo pia yathibitishwe:

1. Jina katika kadi ya gari liwe la muuzaji, au awepo wakala mwenye hati halali ya uwakilishi.

2. Namba ya chesisi na ya injini isomwe juu ya chuma chenyewe, si katika kadi tu. Namba iliyosagwa au kugongwa upya ni sababu ya kuacha biashara.

3. Faini za barabarani zitazamwe katika mfumo wa Polisi kwa namba ya gari, na bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

4. Iulizwe kama gari limewekwa dhamana benki. Kadi isiyopatikana kwa wakati huwa ina sababu.

Ukaguzi wa fundi

Karatasi njema haiondoi haja ya fundi, naye awe wa mnunuzi, si wa muuzaji. Injini iwashwe ikiwa baridi, maana iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokwisha, pamoja na maji kupungua katika rejeta, huashiria gaskiti au silinda hedi. Injini ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi ina mkanda wa taimingi unaohitaji kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Risiti ya kazi hiyo idaiwe. Fremu iliyorefushwa ilazwe chini ya tochi na kila mshono wa weldingi utazamwe kama una ufa au kutu, hasa kwa gari litakalokuja kuishi katika hewa ya chumvi ya visiwani.

Mwisho, gari lijaribiwe mteremkoni. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni huko Rhotia, katika wilaya hiyo hiyo ya Karatu, na watu zaidi ya 30, wengi wao watoto, wakapoteza maisha. Nchi ya miteremko haimpi dereva nafasi ya pili.

Mkataba

Mafundisho ya dini yanahimiza maandishi na mashahidi katika mambo ya fedha, na sheria nayo inayathamini. Mkataba utaje namba ya chesisi, kilomita, bei, kasoro zilizotajwa na tarehe. Izingatiwe kuwa mnunuzi aliyekwisha kulikagua gari huwa vigumu kwake kudai baadaye juu ya kasoro iliyokuwa wazi machoni. Usajili uhamishwe mara moja, na kabla ya gari kuvushwa bahari, mamlaka za mapato ziulizwe taratibu na ushuru unaostahiki.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Anayeharakisha malipo kabla hayajajibiwa, na aachiwe gari lake.