HAMIA KWANZA, NDIPO UUZE



Watu wengi wa Mkoa wa Singida wamelelewa katika tembe. Kuta za tembe ni za miti na udongo. Paa lake ni bapa, nalo hufunikwa kwa udongo. Mchana wa jua kali, ndani huwa na ubaridi. Lakini mvua ikizidi, paa huvuja. Mchwa nao hula miti.

Siku hizi wakulima wengi wanajenga nyumba za matofali na kuziezeka kwa mabati. Hayo ni maendeleo. Lakini nyumba ya zamani iuzwe lini?

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Septemba. Mume na mke wamemaliza kuta za nyumba mpya. Wameuza alizeti, lakini fedha zinatosha mabati ya vyumba viwili tu. Jirani anataka kununua tembe yao.

Mume anasema, "Mama watoto, tuuze tembe. Tutapata mabati yote."

Mke anauliza, "Baba watoto, mvua ikitukuta hatujaezeka, watoto watalala wapi? Mtama wetu tutauweka wapi?"

Swali la mama huyu ni zito. Fundi anaweza kuugua. Bei ya mabati inaweza kupanda. Fedha za mauzo zinaweza kuliwa na shida nyingine. Mnunuzi naye akishalipa, atataka nyumba yake. Huku Singida mvua huanza Novemba au Desemba. Ukuta wa matofali mabichi usio na paa hauwezi kustahimili mvua hiyo.

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Sehemu nyingi za nchi watu walihamishwa upesi. Wengine waliacha nyumba zao kabla ya kujenga mpya. Waliishi katika vibanda, pamoja na watoto na wazee. Hilo ni fundisho.

Basi, fanyeni hivi:

1. Ezekeni kwanza vyumba mnavyoviweza, hata kama ni viwili.

2. Hamieni humo. Hamisheni chakula na mifugo pia. Mkishalala humo mtaona kasoro: mlango usiofunga, paa linalovuja, choo ambacho hakijakamilika.

3. Kisha uzeni nyumba ya zamani. Fedha zake zimalizie vyumba vilivyobaki.

Lakini msikawie mno. Tembe isiyokaliwa huharibika upesi. Hakuna anayeziba paa wala kuzuia mchwa. Mvua ikipita juu yake bila matengenezo, bei yake hushuka. Kama hamuuzi, ifanyeni ghala au zizi, na muitunze.

Kuuza kuna sheria zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo baba hawezi kuuza kwa siri, na mama pia hawezi. Tena, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Hayo yamo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kabla ya kupokea fedha, nendeni kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili Halmashauri itoe kibali. Andikeni mkataba. Usomeni wenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma.

Ndugu mkulima, siku mnunuzi atakapokuja na fedha mkononi, likumbuke swali la mama yule: usiku wa leo mvua ikinyesha, watoto watalala wapi? Ukiwa na jibu, uza. Kama huna, mwambie mnunuzi asubiri.